Gata za plastiki zilizopauka: zipime kabla ya kununua rangi

Masika ikikatika tu, maswali huanza, na huwa yale yale. Gata zilikuwa za kahawia, leo zina rangi ya majivu: ndiyo zimekwisha? Zinapakika? Kwa rangi gani? Na mbona za jirani zilipakwa mwaka jana na sasa zinabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka? Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, yenye gata za PVC chini ya paa la bati au vigae, na mabomba ya kushushia maji yanayoishia mtaroni au kwenye tenki.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukimbilia dukani. Gata mbili zinaweza kuonekana zimepauka sawasawa ukizitazama kutoka getini, kumbe moja inataka ndoo ya maji ya sabuni tu na nyingine haifai hata kuguswa kwa brashi. Kuipima kunachukua kama dakika kumi.

Jua linafanya nini

PVC yenyewe haistahimili mionzi ya urujuanimno. Kiwandani huchanganywa na unga mweupe wa titani dioksaidi pamoja na viimarishi vingine ili mionzi isipenye ndani. Miaka ikienda, ngozi ya juu, nyembamba kama karatasi, huliwa na jua. Plastiki iliyokuwa imeushika ule unga hutoka, unga ukabaki umekaa wazi. Ndiyo maana gata nyeusi, kahawia na kijivu hufanya ukungu mweupe kwa juu, na gata nyeupe hupoteza mng'ao au kugeuka njano pale kinga ilipokuwa hafifu.

Kwetu karibu na ikweta hakuna upande wa nyumba unaopona. Dar es Salaam, kwa mfano, jua la mchana huwa upande wa kaskazini tangu mapema Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, kisha huhamia kusini. Kwa hiyo gata ya kaskazini hupigwa miezi mingi zaidi, na za mashariki na magharibi hupigwa mwaka mzima. Wa Nairobi na Arusha wasidanganywe na ubaridi. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo gata ya Nairobi inaungua hata siku ambayo wewe umevaa sweta.

Halafu kuna mabomba ya rangi ya chungwa. Hayo yametengenezwa kuzikwa ardhini, kwa maji machafu. Fundi akikufungia ukutani kwa sababu yalibaki kwenye kazi ya choo, yatapauka haraka na kuwa mepesi kuvunjika. Usihangaike kuyaokoa. Yakianza kutoa sauti kavu ukiyagonga, badilisha.

Pima kwanza

Chukua kitambaa cheusi kilicholowa maji, panda ngazi, sugua kipande cha urefu wa shubiri upande wa jua. Kikitoka na vumbi jekundu au masizi na rangi ya chini ikaonekana nzima, tatizo ni uchafu. Kikitoka na utepe mweupe kama chaki, huo ni unga wa plastiki iliyoliwa.

Sasa lowesha sehemu ileile. Rangi ikirudi kama ya zamani wakati imelowa, kisha ikapotea ikikauka, uharibifu ni wa juu tu. Ikibaki imepauka hata ikiwa imelowa, rangi yenyewe imekufa, na hakuna sabuni wala mafuta ya kung'arisha yatakayoirudisha.

Fungua klipu moja ya bomba la kushushia maji. Mstari uliojificha chini yake ndio rangi halisi ya siku ya kwanza. Watu wengi hushtuka hapa, maana walikuwa wamesahau kama gata zao zilikuwa kahawia ya kahawa na si ya vumbi.

Mwisho, bonyeza mdomo wa gata kwa kidole gumba, taratibu, uingie ndani kama sentimita moja. Plastiki hai inakunjika na kurudi. Iliyokufa inalia "ta!" au inaonyesha mistari midogo myeupe kama nywele. Hiyo usiipake. Rangi haishiki nyufa, na mvua kubwa ya kwanza gata ikijaa maji itavunjika penye breketi, rangi yako ikiwa mpya kabisa.

Vifaa

Hesabu hii ni ya nyumba yenye mita 20 za gata nusu duara ya milimita 125 na mabomba 4 ya milimita 75, kila moja mita 3. Upande wa nje wa gata una upana wa karibu sentimita 20, kwa hiyo mita 20 ni mita 4 za mraba. Mzingo wa bomba ni kama sentimita 24, na mita 12 zinakupa karibu mita 3 za mraba. Jumla mita 7 za mraba. Mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, ni mita 14 za mraba. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja.

- Rangi ya maji ya nje, ya akriliki tupu, yenye mng'ao wa wastani: lita 2. Utabakiza kidogo, na kidogo hicho utakihitaji.
- Praima (rangi ya chini inayopakwa kwanza) ya kushika plastiki, ambayo kopo lake limeandikwa wazi kuwa inafaa PVC: lita 1.
- Msasa wa maji namba 320, karatasi 6, na pedi za kijani za kusugulia sufuria, 4.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndoo 2, sponji, brashi laini ya mkono mrefu.
- Jiki, nusu lita.
- Spiriti ya kawaida, nusu lita, na vitambaa safi visivyotoa nyuzi.
- Brashi ya inchi 2 na rola ndogo ya sponji ya inchi 4.
- Tepu ya karatasi ya mafundi rangi, roli 2, na tepu ngumu ya plastiki kwa majaribio.
- Bisibisi, kalamu ya wino usiofutika, wembe.
- Glavu, miwani, barakoa, ngazi imara, na mtu wa kuishika.

Rangi ya kufananisha usiipeleke dukani kwa picha ya simu. Peleka klipu au kifuniko cha mwisho wa gata, ile sehemu iliyokuwa imejificha.

Vitu vitatu viache huko huko dukani. Kwanza tina: inayeyusha PVC, inaacha uso unaonata, na ukizidisha inalegeza plastiki yenyewe. Petroli vivyo hivyo. Pili, rangi ya mafuta. Inapendeza wiki ya kwanza, lakini kadiri inavyozeeka inakuwa ngumu, na gata hazitulii. PVC hurefuka karibu milimita 0.06 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Gata ya mita 4 ikitoka nyuzi 20 alfajiri ikafika 60 juani saa nane mchana, imerefuka karibu sentimita nzima. Rangi isiyonyumbuka hupasuka hapo. Tatu, rangi iliyokoza kuliko ile ya mwanzo. Nyeusi juu ya gata iliyotengenezwa nyeupe itavuta joto ambalo plastiki ile haikuandaliwa kulibeba. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 75 hadi 80, na kabla haijafika huko, kama breketi zimeachana zaidi ya mita moja, gata itakuwa imeshabonyea katikati kama machela. Kaa kwenye rangi ileile au nyepesi zaidi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua majira na saa. Pwani, miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kipupwe. Januari na Februari pia ni pakavu, ila fanya kazi asubuhi tu. Nairobi na nyanda za juu, Januari na Februari ndiyo nafuu, kwa sababu Julai kuna manyunyu na asubuhi zenye umande. Fuata kivuli: upande wa magharibi upake asubuhi, upande wa mashariki upake mchana. Weka mgongo wa mkono kwenye gata. Ukishindwa kuuacha hapo kwa kuhesabu hadi tano, plastiki ina moto mno na rangi itakauka juu kabla haijashika chini. Acha kupaka ifikapo saa tisa alasiri, ili umande usikute rangi mbichi.

2. Tenganisha tenki. Kama maji ya paa yanaingia kwenye tenki la kunywa au la kupikia, chomoa bomba linaloingia humo na uzibe mdomo wa tenki kwa nailoni ngumu iliyofungwa kwa kamba. Fanya hivi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Sabuni, jiki na unga wa msasa vyote vitateremka njia moja.

3. Angalia waya na nyigu. Nyumba nyingi waya wa umeme kutoka nguzoni unaingia palepale pembeni mwa paa, shubiri chache kutoka kwenye gata. Ngazi ya chuma isikaribie hapo. Tumia ya mbao iliyo kavu, au acha mita hiyo moja bila kupakwa. Nyigu nao hupenda kona ya gata na fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), kwa hiyo tazama kabla ya kuingiza mkono. Ngazi isiegemee gata hata mara moja. Iegemee ukuta, na kwa kila mita 4 za kimo, miguu yake itoke mita 1.

4. Shusha mabomba. Fungua klipu, teremsha mabomba, uyalaze juu ya matofali au vigogo viwili. Andika namba kwa kalamu ndani ya mdomo wa kila bomba na ukutani kwenye tepu: 1 kwa 1, 2 kwa 2. Bomba lililokatwa kwa kona moja ya nyumba halitakaa sawa kona nyingine hata kama yanaonekana mapacha. Gata zenyewe ziache juu. Kuzishusha kunavuruga mteremko, na mipira ya viungio ikishazeeka haikubali kurudi kama ilivyokuwa.

5. Toa takataka za ndani zikiwa kavu. Majani, tope, kiota cha ndege: toa kwa mkono wenye glavu au kijiko cha plastiki, tia ndooni. Usisukume kwa maji kuelekea tundu la kutolea, utaziba.

6. Osha nje. Vijiko viwili vya sabuni ya vyombo kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu. Sponji kwanza, brashi laini penye uchafu sugu, ukianzia chini kwenda juu ili michirizi isikaukie kwenye sehemu chafu. Suuza kwa maji mengi kutoka juu kwenda chini. Pwani, suuza mara mbili, kwa sababu chumvi ya upepo wa bahari haionekani lakini praima inaijua. Mashine ya kuoshea magari usiitumie: presha yake inapenya kwenye viungio, inang'oa mipira na kuingiza maji kwenye dari.

7. Ua ukungu na mwani. Ile michirizi myeusi au ya kijani ambayo sabuni haikuitoa inataka jiki: kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji. Paka kwa sponji, acha dakika 10, suuza kabisa. Mwagia maji mimea iliyo chini kabla na baada, na usiache jiki ikaukie kwenye ukingo wa bati, itaanzisha kutu. Jiki haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi wala amonia, kwa kuwa hewa inayotoka hapo inaua. Hii ndiyo hatua ambayo gata zilizokuwa chafu tu hurudi kuwa mpya. Zikirudi, fungasha vifaa, rudisha mabomba, umemaliza.

8. Sugua kwa msasa, ukiwa na maji. Chovya msasa namba 320 ndooni, sugua kwa kufuata urefu wa gata, bila kukandamiza. Lengo ni kuondoa unga na kukwaruza mng'ao, si kufika nyama ya plastiki. Kwenye mabomba, pedi ya kijani inazunguka vizuri kuliko msasa. Usisugue pakiwa pakavu. PVC nyingi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa viimarishi vyenye madini ya risasi, na unga wake si kitu cha kuvutia puani wala cha kuachia kuku wadonoe. Tandika nailoni chini, na maji ya ndoo usiyamwage kwenye bustani ya mchicha. Suuza, badilisha maji, suuza tena.

9. Jaribio la tepu. Gata ikishakauka, bandika tepu ngumu ya plastiki, ikandamize kwa kucha, kisha ivute ghafla na uitazame mwangani. Ikiwa safi, endelea. Ikiwa na vumbi jeupe kama poda ya mtoto, rudi hatua ya 8. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika: rangi imeshika unga, na unga haujashika kitu. Kubanduka kwingi kwa mwaka wa kwanza kunaanzia hapa, halafu lawama anapewa mwenye duka la rangi.

10. Jaribu kwenye mgongo wa bomba. Chagua kipande cha ukubwa wa kiganja, upande utakaotazama ukuta. Futa kwa spiriti, paka praima, paka rangi, subiri siku 3 (siku 7 ni bora zaidi). Kata kwa wembe mistari sita ya kwenda na sita ya kukatisha, nafasi ya milimita 2, bandika tepu, vuta. Vijisanduku viwili vitatu vikitoka kwenye kingo, sawa. Likitoka shuka zima, praima hiyo haielewani na plastiki yako. Badilisha praima, si rangi. Watu huruka hatua hii kwa haraka, kisha wanakwangua mita 20 badala ya kiganja kimoja.

11. Funika na futa. Tepu ya karatasi kwenye fishabodi, ukutani na kwenye ukingo wa bati. Kisha pitisha spiriti kwa kitambaa safi, kipande kwa kipande, ukigeuza kitambaa kila mita moja. Tangu hapo usishike gata kwa mkono mtupu. Alama ya vidole vyenye jasho huonekana baadaye kama duara lisiloshika rangi.

12. Praima, mkono mmoja mwembamba. Rola kwenye tumbo la gata, brashi kwenye mdomo na nyuma ya breketi. Usitafute kufunika rangi ya zamani, hiyo si kazi yake. Ikae kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Pwani kwenye unyevu mwingi, iache ilale usiku mmoja.

13. Rangi, mikono miwili myembamba. Koroga kopo hadi chini. Paka urefu wa mita moja, kisha lainisha kwa brashi iliyokauka kidogo, mkono uende upande mmoja tu. Acha saa 4 au zaidi kati ya mkono na mkono. Viungio vina sheria yao: gata inapoingia kwenye kiungio ina nafasi ya kusogea joto likipanda. Paka gata, paka kiungio, lakini usijaze rangi kwenye mshono, na mpira mweusi wa kuzuia maji usiuguse. Rangi iliyofunga mshono itapasuka ndani ya wiki, na ikigoma kupasuka itauvuta mpira utoke.

14. Usipake ndani. Ndani hakuonekani, na maji yakituama rangi hubanduka, magamba yakaenda kwenye tenki.

15. Rudisha mabomba. Yakae siku mbili yakiwa yamelazwa, kisha yafunge kwa namba zake. Ukikaza klipu sana itachapa alama kwenye rangi. Kaza mpaka bomba lisicheze, basi. Tenki liunganishe baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita na kusafisha paa na gata.

Kama hutaki kupaka

Gata ambayo rangi yake inarudi ikilowa inaweza kupata nafuu kwa dawa za kurudishia mng'ao wa plastiki za nje. Osha, kausha, paka kidogo kwa kitambaa, futa. Tarajia miezi, si miaka. Ila nyingi kati ya hizo zina silikoni, na baada ya silikoni rangi haitashika mpaka usugue upya kwa kazi ya ziada. Kwa hiyo amua mapema unaenda njia gani.

Mafuta ya kula, dizeli na ya kung'arisha tairi? Gata itang'aa Jumamosi. Ikifika Jumatano ya wiki ya pili vumbi lote la barabarani limenasa juu yake, na ukungu umepata chakula. Achana nayo.

Kubadilisha kipande kimoja

Kipande kimoja kikifa na vingine ni vizima, usifunge kipya mbele ya nyumba. Kitang'ara kama jino la dhahabu. Toa kipande cha nyuma ya nyumba kilichopauka sawa na wenzake, kilete mbele, na kipya kikae nyuma.

Pima upana na umbo kabla ya kununua, kwa sababu gata za watengenezaji tofauti zinaweza kuitwa zote za milimita 125 na bado zisiingiane kwenye kiungio. Na dukani usichukue ya juu kwenye rundo lililoanikwa nje. Vuta ya chini, iweke pembeni ya ile ya juu. Zikitofautiana rangi, ya juu imeshaanza kuzeeka kabla hujailipia.

Mambo yakienda kombo

*Rangi inabanduka kama shuka na nyuma yake kuna vumbi jeupe.* Unga haukutolewa. Kwangua yote iliyolegea, rudi hatua ya 8. Kupaka juu yake ni kuongeza uzito wa kubandukia.

*Inabanduka lakini nyuma ni laini na safi.* Uso haukukwaruzwa, au kulikuwa na silikoni, au praima si ya PVC. Sugua, futa kwa spiriti, fanya upya jaribio la kiganja.

*Malengelenge madogo upande mmoja tu wa nyumba.* Ulipaka plastiki ikiwa na moto au ikiwa na unyevu kwenye mshono. Subiri yakauke kabisa, sugua hayo tu, paka tena kwenye kivuli.

*Rangi inanata hata baada ya wiki.* Mara nyingi ni tina: ama ulifutia, ama mtu aliichanganya kwenye kopo. Ikiwa rangi ni ya maji na ulipaka nene, ipe wiki nyingine mbili. Ikiwa plastiki yenyewe imelainika ukiiminya, kipande hicho kimeharibika.

*Nyufa nyembamba penye kila kiungio.* Mshono ulijazwa rangi. Kata kwa wembe kufuata mshono, futa kingo, acha wazi.

*Gata imebonyea baada ya kupakwa.* Rangi ni nyeusi mno au breketi ziko mbali, au yote mawili. Ongeza breketi, moja kila sentimita 80 hadi mita 1, na ukipaka tena nenda kwenye rangi nyepesi. Iliyopinda mara nyingi hainyooki ikarudi kuwa kama mpya, kwa hiyo angalia kama maji bado yanaelekea kwenye tundu. Kama yanatuama, badilisha kipande.

*Gata nyeupe imekuwa njano.* Njano hiyo iko ndani ya plastiki, haioshwi, na jiki kali zaidi haitasaidia. Kama imepita jaribio la kidole gumba, paka nyeupe. Ikilia, tupa.

*Michirizi ya kutu inatokea juu ya rangi mpya.* Si gata. Tazama misumari ya bati na breketi za chuma zilizo juu yake, zipige rangi ya kuzuia kutu, ndipo uoshe michirizi.

*Baada ya mwaka upande wa kaskazini umeanza kufifia tena.* Rangi nayo huliwa na jua, polepole kuliko plastiki tupu. Osha kwa sabuni mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, maana vumbi lililokaa juu ya rangi hushika unyevu na kuipausha mapema. Ikifika wakati wa kuongeza, hutarudia yote: osha, kwaruza kwa pedi ya kijani, futa, paka mkono mmoja kwa ile rangi uliyobakiza. Kopo lake liwe limefungwa vizuri, ndani ya nyumba mbali na joto la bati, na juu ya kifuniko kuna namba ya rangi na tarehe.